Korija Moja Kasoro Saba

Mwanangu Swalehe,

Mchwa hawajakigusa kile cheti. Jana uliposimama sebuleni ukauliza mbona ukutani kumebaki alama nyeupe, nilikujibu haraka haraka, "Mchwa, baba, wamekula fremu." Nilikudanganya. Cheti ni kizima. Nimekiweka chini ya godoro kwa mkono wangu mwenyewe, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Na ni cha wizi kweli, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nafasi hii nimeivizia. Wewe umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na mie namjua wifi yangu, hakuachii mpaka ule mara mbili. Baba yako kapeleka begi lako kwa fundi likabadilishwe zipu. Alasiri nimeshaswali, nyumba imetulia, sina kisingizio tena. Mambo ya chandarua, ya kula kwa wakati, ya kutompa mtu simu yako pale stendi, hayo baba yako atakuimbia kesho mpaka basi liondoke. Mie nina langu moja tu, nalo nimeshindwa kulisema nikikutazama usoni. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Mara ya tatu ulidhani naona uchungu kwa kuwa unaondoka, ukanikumbatia, nikazidi kushindwa.

Kilichonikaba ni maneno yako ya juzi. Ulikuwa unakula huku unanieleza kazi yako mpya ya huko Dodoma, ya kuwapokea wanafunzi wapya wa chuo na kuwaonyesha namna ya kuanza kuchangia kwenye programu huria za hisabati. Ukasema, "Mama, siku ya kwanza nitaanza na kisa chako. Nitawaambia mama yangu ni mwalimu wa sekondari, kazaliwa Salale huko kwenye mikoko, na alisahihisha kosa kwenye programu inayotumiwa na dunia nzima." Nikakuongezea mchuzi. Ndicho nilichoweza kufanya.

Kisa hicho si changu, Swalehe. Ni cha Zaituni.

Humjui, kwa sababu sijawahi kulitaja jina hilo ndani ya nyumba hii. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, binti wa mkata boriti za mikoko wa Maparoni, mwembamba, sketi ya shule imemvuka magoti kwa kuwa ilikuwa ya dada yake. Wewe ulikuwa darasa la tatu wakati huo. Ndipo tulipoanzisha klabu ya kompyuta pale shuleni. Kompyuta tulikuwa nazo mbili za msaada, moja ikifanya kazi, nyingine ikimtazama mwenzake. Modemu niliinunua mimi, bando nilitia mimi, na nikaanza kutembea nimeinua shingo kama aliyeuleta mtandao Tanzania.

Mkuu wa shule aliponiuliza programu huria ni mdudu gani, nilimweleza hivi: ni programu ambayo tumbo lake liko wazi, mtu yeyote aliye popote anaweza kutazama inavyofanya kazi, akiona kosa anapeleka marekebisho, wasimamizi wake wanayapitia, yakiwa sawa wanayatia, na jina la aliyeyaleta linaandikwa. "Hata mtoto wa Kibiti?" akauliza. "Hata mtoto wa Kibiti," nikamjibu. Nilijibu vizuri sana. Maneno yangu yalikuwa mazuri kuliko matendo.

Maana nilichokifanya kwenye klabu ile ni kujigeuza mlango, kisha nikasimama katikati yake. Niliwapa sheria moja: kitu kisiende popote bila kupita kwangu. Nilidhani nawakinga wasiaibike mbele ya wageni. Mtoto akikwama nasema, "Lete hapa," naivuta kibodi, dakika mbili nimemaliza, namwuliza, "Umeona?" Anasema, "Ndiyo, mwalimu." Ameona nini? Ameona vidole vya mwalimu vikikimbia. Kesho yake anakwama palepale. Mwaka mzima, mwanangu, hakuna mtoto hata mmoja aliyepeleka kitu kwa mkono wake, na mie nikijisifu kwamba klabu inakwenda. Huko uendako utakuwa na haraka kama yangu, kwa sababu haraka hiyo umeirithi, nimekuona unavyomnyang'anya baba yako simu akitafuta ujumbe. Ukiona mkono wako unaikaribia kibodi ya mtu, ukalie.

Kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapeleka kipande changu, kikakubaliwa. Kilikuwa kona ndogo ya mazoezi ya shule: mtoto anaandika idadi ya vitu na ukubwa wa fungu, programu inamjibu mafungu ni mangapi na baki ni ngapi. Jina langu likaandikwa pale. Nililitazama jina lile mpaka bando likaisha.

Sasa sikiliza alichokifanya Zaituni.

Siku hiyo darasa limejaa, kasimama, kashika karatasi ya daftari aliyoichana vizuri kwa rula. "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza."

"Marahaba. Uliza."

"Nimeipa programu yako hasi saba, nikaiambia igawe kwa mafungu ya ishirini. Imenijibu sifuri, baki hasi saba. Mie naona baki haiwezi kuwa hasi, mwalimu."

"Kwa nini isiwe?"

"Kwa sababu kwetu boriti zinahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Baba akipungukiwa boriti saba, haachi pengo vile. Anafungua korija nyingine nzima, anatoa saba, zinabaki kumi na tatu. Korija moja kasoro saba ni kumi na tatu. Korija aliyoifungua ni deni, kwa hiyo jibu liwe hasi moja, baki kumi na tatu."

Umeona uzuri wake? Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa anaeleza jambo ambalo vitabu vya chuo hulieleza kwa kurasa mbili na bado watu hawaelewi. Wewe ungerukaruka. Mie nilisikia neno moja tu, korija, na damu ikanipanda kichwani.

Nikwambie kwa nini, ingawa si udhuru. Babu yako Salale alikuwa mkata boriti. Mie nilijua kuhesabu korija kabla ya kujua kusoma. Nilipofika chuo cha ualimu, mkufunzi akaniuliza ubaoni hamsini na tatu ina makumi mangapi, nami kwa woga nikasema, "Korija mbili na kumi na tatu." Darasa zima likalipuka. Tangu siku hiyo mpaka namaliza chuo jina langu likawa Bi Boriti. Nikaapa kujiosha. Nikaacha kusema natoka Salale, nikawa natoka Kibiti mjini. Lafudhi nikaibadilisha. Hata babu yako aliponiletea kamba wakavu chuoni, na tope la mikokoni bado limemganda miguuni, niliwaambia wenzangu ni mtu wa jirani. Hilo nalo sikuwahi kukwambia. Leo nimeamua kuyatoa yote.

Basi Zaituni kasimama mbele yangu anatamka korija bila haya, na mie badala ya kufurahi nikaona Bi Boriti amefufuka. Nikamwambia, "Zaituni, hapa tunasoma hisabati, hatuhesabu boriti. Kama unataka korija, panda mtumbwi urudi Maparoni." Darasa likacheka. Lilicheka vilevile kama lile la chuoni, na aliyelichekesha safari hii ni mimi.

Hakulia. Alikuja mpaka mezani, akapinda magoti kidogo, akanipa ile karatasi kwa mikono miwili, akasema, "Nimeandika hapa, mwalimu, ukipata nafasi." Nikaitia ndani ya rejista ya mahudhurio bila kuitazama.

Jumamosi yake niliikumbuka. Nikafungua kompyuta, nikaandika hasi saba, nikaandika ishirini. Sifuri, baki hasi saba. Nikaichukua karatasi, nikaisoma mstari kwa mstari. Mtoto yuko sahihi. Mie ndiye niliyekosea, tena mbele ya dunia, kwa jina langu kamili.

Kilichobaki kilikuwa sentensi moja: "Zaituni, ulikuwa sahihi, njoo tulipeleke pamoja." Nimeihesabu, maneno sita. Jumatatu ningeyasema mbele ya darasa lilelile yakaisha. Walimu wenzangu wangenitania siku mbili, wakasahau. Lakini niliwaza watoto wataniona sijui. Niliwaza kushindwa na korija baada ya miaka yote ile ya kuikimbia. Basi nikarekebisha mwenyewe palepale. Kwenye mfano wake wa karatasini nikafuta boriti, nikaweka trei za mayai, eti ndiyo ustaarabu. Nikapeleka kwa jina langu.

Wasimamizi wakanijibu siku ya pili yake. Wakanishukuru kwa umakini, wakasema ni walimu wachache wanaoliona jambo hilo. Umakini, Swalehe! Nilisoma ujumbe ule mara nyingi mpaka nikaanza kuuamini. Nikausoma kwenye semina ya walimu, wakapiga makofi, wakanipa cheti. Siku nilipokileta nyumbani ulikiweka kichwani ukazunguka nacho uani unaimba, ukawaita watoto wa jirani waje waone. Baba yako akakitilia fremu. Uongo ukishatiliwa fremu, mwanangu, kuushusha ni kazi.

Zaituni aliniuliza mara tatu. Ya kwanza, nje ya ofisi: "Mwalimu, ile karatasi?" Nikamwambia, "Naiangalia." Jibu lake lilikuwa limeshatiwa kwenye programu wiki nzima, na mie namwambia naiangalia. Ya pili nikamwambia nina mitihani ya kusahihisha. Ya tatu alisimama tu mlangoni, nikajifanya nazungumza na simu. Hakukuwa na mtu kwenye ile simu. Baada ya hapo akaacha kuja klabu.

Na nilishukuru. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, ndiyo maana naliandika wazi: alipoacha kuja, nilishukuru.

Akamaliza kidato cha nne, akaondoka. Mie nikaendelea kuitwa mwalimu wa kompyuta. Wewe ukakua na kisa kile, ukapenda hisabati kwa ajili yake, ukaingia chuo, ukaanza kuchangia programu hizo hizo, na kila ulipofanikiwa ukasema umefuata nyayo za mama. Kila uliposema hivyo nilitaka ardhi ipasuke. Nikawa nachelewesha. Nikasema nitamwambia akimaliza sekondari, nitamwambia akimaliza chuo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mie nilikuwa mwalimu wa kuwafundisha wengine methali hiyo. Ebo!

Ulipomaliza mchuzi ule juzi nikajua siku zimekwisha. Utasimama mbele ya vijana waoga, kila mmoja kashika karatasi yake moyoni, uwaambie mfano wa kufuata ni mimi. Nikaona bora unichukie.

Basi jana asubuhi, nilipokuaga nikasema nakwenda msibani, sikwenda msibani. Nilipanda bodaboda mpaka Ruaruke, nilikosikia Zaituni kaolewa. Niliulizia, nikaonyeshwa: Zaituni ana mashine ya kukoboa mpunga, yake na mumewe. Nilimkuta kafunga kanga kiunoni, pumba zimemjaa nyusi, anaita magunia kwa sauti kubwa. Aliponiona akazima mashine. Watu wenye mpunga wao wakaguna.

"Shikamoo mwalimu."

Nilishindwa kuitikia marahaba. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakanitoka. Nikasema, "Zaituni, ile karatasi. Ulikuwa sahihi. Nilijua Jumamosi ileile. Nikapeleka kwa jina langu." Nikasema palepale mbele ya wale watu wa mpunga, maana nilimwaibisha mbele ya watu, sikuona haki kumwomba radhi chemba.

Zaituni akasema, "Mie jina sikulitaka, mwalimu. Nilikuwa nangoja unijibu."

Nikasema najua. Akasema, "Hujui. Baba alikuwa kila akirudi kukata ananiuliza, mwalimu wako kasemaje? Namwambia bado. Tuliiandika pamoja ile hesabu, yeye anapanga vijiti chini, mie naandika. Mwisho akaacha kuuliza. Akaniambia, basi mwanangu, labda hesabu zetu ni za kwenye mikoko tu." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Amekufa, Mungu amrehemu, akiamini tulikosea."

Astaghfirullah. Nilikaa juu ya gunia la mtu bila kuomba ruhusa. Mie niliyemkana baba yangu kwa ajili ya korija, nikamfanya na baba wa mwenzangu aikane yake. Mzee yule hakuwa na haja ya cheti. Angeambiwa neno moja tu, "kweli," angelala vizuri. Na neno hilo nilikuwa nalo mie, nimelikalia.

Nilimwomba msamaha. Sikulia, nilijizuia, kwa sababu nikilia yeye ndiye angeanza kunibembeleza, na hiyo ingekuwa dhuluma nyingine. Akasema, "Nimekusamehe, mwalimu. Ila usiniambie kilikuwa kitu kidogo." Nikamwambia siwezi kusema hivyo. Akawasha mashine. Nilipogeuka kuondoka akaizima tena, akauliza kwa sauti, "Na lile la pili ulilifanyaje?"

"Lipi?"

"La nyuma ya karatasi."

Swalehe, miaka yote hii sikuwahi kuigeuza ile karatasi.

Nilirudi nikafungua sanduku la rejista za zamani, nikaikuta imekuwa ya njano. Nikaigeuza. Kwa mwandiko wake wa shule kaandika: "Mwalimu, baba anasema tuwe waangalifu. Zikipungua arobaini kamili tusifungue korija nyingine, kwa sababu hakuna kilichopelea. Ni hasi mbili, baki sifuri. Tafadhali usisahau hili." Chini yake kachora vijiti, mafungu mawili ya ishirini, kimoja kimoja, hakuruka hata kijiti.

Nikafungua programu. Nikaandika hasi arobaini, nikaandika ishirini. Ikanijibu: hasi tatu, baki ishirini. Baki ishirini! Ishirini si baki, ishirini ni korija nzima, mtoto yeyote wa Maparoni angeanguka kwa kicheko. Nilikuwa nimeiagiza programu ifungue korija mpya kila inapoona hasi, bila kuuliza kama inahitajika. Ile ni kona watu wasiyoipita sana, kwa hiyo kosa limekaa pale miaka yote na jina langu juu yake. Yule mzee aliliona kabla sijalifanya. Hata wizi wenyewe sikuiba vizuri.

Jana hiyohiyo nikawaandikia wasimamizi, hadharani, chini ya yale marekebisho yangu, Kiswahili kwanza kisha Kiingereza changu cha kubabaisha: kwamba wazo lile ni la Zaituni na baba yake, wa Maparoni, na kwamba nililichukua bila kusema. Wewe unajua kuliko mimi, huko historia haifutwi, kila badiliko linabaki na jina na siku yake. Siwezi kulitoa jina langu pale, naweza tu kuongeza ukweli chini yake. Mpaka sasa hawajanijibu. Tangu jana nachungulia simu kila saa kama msichana aliyeposwa. Sasa nimeonja kungoja kulivyo, tena nina siku moja tu.

Kwa hiyo kisa chako kisimulie, sikukatazi. Nitoe tu pale uliponiweka, uniweke ninapostahili. Waambie mama yangu alijibiwa na wageni wa mbali siku ya pili, lakini yeye, mtoto aliyekaa hatua tatu kutoka meza yake hakumjibu kamwe. Watakuangalia usoni kuona kama unaona haya. Ona haya, si dhambi, lakini maliza kukisimulia.

Na watakapokuja na mambo yao, watakuja nayo kwa namna ya kwao. Mmoja atahesabu kwa pishi, mmoja kwa vidole, mmoja ataandika Kiingereza cha kuchekesha kuliko changu. Utajaribiwa kumsafisha kwanza ndipo umsikilize. Mie nilisafisha boriti nikaweka mayai, na nilipozitupa boriti nilitupa na ile akili iliyokuwa ndani yake. Kama ningeacha korija pale, pengine ningeona mwenyewe kwamba baki haiwezi kuwa korija nzima. Sikwambii zaidi ya hapo. Mtu aliyefanya nililolifanya hana mimbari ya kupandia.

Lakini nina ombi, na ndilo la mwisho. Lile kosa la hasi arobaini nimeliacha kama lilivyo. Najua ukisoma hapa vidole vinakuwasha, kwako ni kazi ya dakika tano. Usiliguse. Leo asubuhi nimempigia Zaituni. Nikamweleza kwamba upande wa pili wa karatasi bado una kazi, kwamba baba yake alikuwa sahihi mara mbili. Nikasikia mashine inazimwa. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, polepole, nikajua simu kaiweka sauti ya nje watu wengine wasikie.

Kisha nikamwuliza kama atakubali kulipeleka mwenyewe, kwa mkono wake na jina lake, na mwanangu amwonyeshe njia hatua kwa hatua kama mwanafunzi yeyote mpya. Akasema simu yake ni ndogo, na mambo mengi kayasahau. Nikamwambia si neno, kazi ya mwanangu ndiyo hiyo.

Halafu akauliza, "Huyo mwanao, mwalimu, nikimwandikia atanijibu?"

Karatasi nimeitia ndani ya bahasha hii pamoja na barua. Igeuze, usome pande zote mbili. Namba yake imo.

Nimemwambia utamjibu. Usinifanye mwongo mbele yake mara ya pili, baba.

Mama yako,
binti wa mkata boriti wa Salale